Mwaka Baba Alipotaka Tuhame Bashay

Enzi zetu kule Bashay, Mbulu, mtu hakuhama kwa sababu yeye ametaka. Ilibidi kwanza ng'ombe wakubali. Najua wenzangu wa rika langu mnatikisa kichwa na kucheka, na wale waliozaliwa na simu mkononi wanashangaa ng'ombe anakubalije kitu. Tulieni, niwaeleze.

Nilikuwa darasa la tano mkoa ulipokatwa. Mpaka hapo tulikuwa watu wa Arusha, na tulijivunia sana Arusha ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Kwenye jalada la kila daftari niliandika jina langu, Yasinta, halafu shule, kijiji, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Arusha, Tanzania, Afrika, Dunia, barua isije ikapotea. Asubuhi moja mwalimu akatuambia tufute Arusha tuandike Manyara. Vifutio vyenyewe viko wapi? Tulifuta kwa mate na kidole mpaka madaftari yakatoboka, na waliotoboa wakachapwa kwa kutotunza madaftari. Ndivyo tulivyoingia mkoa mpya.

Nyumbani Baba alishasikia redioni. Ile redio ya betri, betri zikichoka tunazianika juani pamoja na mahindi, na zikipata joto zinatoa taarifa ya habari moja na nusu. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda akitenganisha punje za vitunguu saumu vya mbegu. Akasema maneno ambayo Mama alimtania nayo maisha yake yote:

"Kama mkoa mzima umehama sisi tumekaa tu, mimi na watoto sita nitashindwaje?"

Alitaka kuhamia Dirma, wilaya ya Hanang. Huko alikuwa amekwenda binamu yake, baba mdogo Gwandu, na kila Krismasi Gwandu alirudi na koti refu, soda za watoto na hadithi. Alisema Dirma ardhi ni tambarare. Trekta la kukodi linalima mpaka dereva anasinzia, akiamka bado yuko katika shamba lilelile. Baba, ambaye shamba lake lilikuwa limelala ubavuni mwa mlima kiasi kwamba ukiangusha kiazi unakifuata kwa jirani, alisikiliza hadithi hizo mdomo wazi.

Na mimi nilitaka kuhama kuliko hata yeye. Ninyi mliokulia kwenye miinuko ile mnajua. Maji yako chini, shule iko juu, na kanisa liko juu ya shule. Mpira wetu wa matambara ukipigwa kwa nguvu, mchezo umekwisha, tunateremka wote bondeni kuutafuta kwenye mahindi ya watu. Nilipoambiwa kuna mahali mpira unasimama wenyewe, niliona hiyo ndiyo mbingu aliyoisema katekista. Kesho yake nikatangaza shuleni kwamba tunahama. Nikaaga rasmi. Nafasi yangu ya dirishani nikampa rafiki yangu Martina, na mpira wangu wa rede, nilioufunga mwenyewe kwa soksi za baba mdogo, nikampa yeye huyohuyo. Darasa likaniimbia wimbo wa kwaheri na mwalimu akanishika mkono. Nililia kwa raha.

Mama hakutaka kwenda. Alikuwa na vitunguu saumu vyake, alivyovilea kwa samadi kama watoto, na mama yake mzazi aliishi mlima wa pili, mtu na mwana wanaitana kwa sauti. Lakini hakubisha. Alisonga ugali, akaupakua, akasema, "Sawa, Baba Yasinta. Kusanya kwanza ng'ombe."

Baba akafurahi. Alidhani amekubaliwa.

Wenzangu mnaukumbuka utaratibu. Mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, si umekwisha? Kwa hiyo ng'ombe wako mmoja alikaa kwa fulani ng'ambo ya bonde, mwingine kwa fulani karibu na Dongobesh, na wa kwao wakakaa kwako. Anayemtunza anakunywa maziwa na kupata samadi, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Na haikuwa adabu kuulizana sana. Sisi watoto tulidhani wote waliolala zizini kwetu ni wetu, na tulijigamba hivyo. Baba alipoanza kuwatenga, huyu wa fulani, yule wa fulani, utajiri wetu ulikwisha nikitazama. Hata Doa, ng'ombe niliyemkamua tangu darasa la tatu, niliyemsimulia hadithi zangu zote, alikuwa wa Mama Martina, mjane wa ng'ambo ya kijito. Wa kwetu hasa hapo zizini alikuwa maksai mmoja mzee mwenye kikohozi.

Basi tukaanza kukusanya. Tulianza kwa Mzee Bura, aliyetunza ng'ombe wetu mweusi. Mimi nilibeba kibuyu cha asali ya zawadi.

"Shikamoo mzee," Baba akasema.

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu mvua ikoje?"

Kwetu palikuwa panaonekana kutoka mlangoni kwake. Lakini Baba alieleza habari za mvua kana kwamba ametoka nchi nyingine, maana mtu hasemi kilichomleta kabla hajala. Tukaletewa ugali na maziwa mgando. Tukala, tukanawa. Baba akakohoa kidogo ili aanze, na hapo Mzee Bura akamtangulia.

"Umefanya vizuri kuja. Nilikuwa nikufuate kesho. Zizi langu limebana. Kuna mtamba hapa, ukae naye."

Nilimwona Baba akifungua mdomo. Niliona kabisa yale maneno yako pale, kwenye meno. Lakini mtu anayekabidhiwa ng'ombe na mzee hasemi hapana, ni sawa na kukataa kuitikia shikamoo.

"Ahsante sana, mzee," akasema.

Tulikwenda kuchukua ng'ombe tukarudi na ng'ombe wa mtu. Mama alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Akamtazama yule mtamba kuanzia kwato mpaka pembe. "Karibu," akamwambia. "Na wewe unahamia Dirma?"

Kwa rafiki yake wa Dongobesh ikawa vilevile, ila huko tulipewa wawili. Baada ya juma moja la kukusanya, zizi letu lilikuwa limejaa kuliko wakati wowote, na aliye wetu bado ni yule wa kikohozi.

Baba akabadili mbinu. Akasema basi aanze kurudisha vya watu, kuchukua kutafuata. Asubuhi akamswaga Doa, tukavuka kijito, tukamfikisha kwa Mama Martina. Yule mama alipotuona na kamba mkononi, aliweka khanga mdomoni, machozi yakaanza kumtiririka.

"Nimekukosea nini, shemeji?"

"Hujanikosea kitu. Mimi nahama tu."

"Mtu anahama tu?" Akakaa chini palepale kwenye majani. "Tangu marehemu afe ninyi ndio mmenishika mkono. Kama kuna neno nimesema, niambie."

Kumrudishia mtu ng'ombe ambaye hajamdai, kwetu ilikuwa ni kumwambia undugu umekwisha. Baba alilijua hilo tangu anazaliwa. Ila alikuwa na Dirma kichwani, na mwenye Dirma kichwani haoni hata mjane. Alijaribu kueleza habari za trekta, na Mama Martina akazidi kulia.

Jumapili baada ya misa wazee walikuja kwetu, Mzee Bura mbele, kusuluhisha ugomvi. Baba aliapa kwamba hakuna ugomvi. Walimwonea huruma, wakamwambia aseme tu, wako hapa kumsaidia. Alieleza Dirma tangu mwanzo, ardhi tambarare, dereva anayesinzia. Walisikiliza mpaka mwisho, halafu mzee mmoja akauliza, "Sasa huyo mjane alikufanya nini hasa?"

Mama alikuwa anapita na vikombe vya chai, uso umenyooka kama yuko kanisani. Mzee Bura ndiye aliyemaliza.

"Mwanangu, ardhi nzuri sikatai. Lakini ukilala mgonjwa huko, nani atakuja bila kuitwa?"

Baba akaangalia miguu yake. Nilisubiri ajibu, maana jibu lilikuwepo, baba mdogo Gwandu si yuko? Hakumtaja. Nilijua hapo kwamba hatuendi, na moyo wangu uliuma kweli kweli. Wazee wakaamua Baba atengeneze pombe ya mtama kwa kosa la kumliza mjane, na Doa akarudi kwetu kabla pombe haijaiva. Gwandu alituma salamu mara tatu, ya nne akachoka.

Jumatatu nikarudi darasani. "Yasinta," mwalimu akasema, "Dirma hawajambo?" Watu walicheka mpaka darasa la saba wakaja kuchungulia. Nafasi ya dirishani sikuipata. Nilimwomba Martina anirudishie mpira wangu, akaukumbatia. "Hapana," akasema. "Ulishaniaga."

Nilimchukia Mama juma zima. Leo nakubali kwamba ni mwanamke aliyeshinda vita kwa sentensi moja na sufuria la ugali.

Vijana wa sasa hawana taabu hizo. Mpwa wangu alihama Mbulu kwenda Dar, tukajua kwa kuona picha ya stendi kwenye simu yake, chini ameandika "maisha mapya". Shangazi zake tukamwekea vidole gumba. Kwa kweli hata mimi siwezi kumsema sana, kwani nilipofika umri wa kuondoka niliondoka na begi moja, basi la alfajiri, mpaka Dodoma, na sikumrudishia mtu kitu.

Mama alipofariki, kaburi lilikuwa tayari kabla sisi wa mbali hatujapanda basi. Baadaye nilimbembeleza Baba aje akae kwangu. Akakubali vizuri tu. "Nitakuja," akasema, "nipe muda niage." Huu ni mwaka wa tatu. Nikipiga simu ananiambia yuko ng'ambo ya bonde, kwa fulani, wamemkaribisha chakula.

Mwaka huu mwenye nyumba alipandisha kodi, nikahama mtaa niliokaa miaka minne. Vijana wa kubeba mizigo walipakia kila kitu kabla chai haijapoa. Nilipofunga geti niliwaambia wasubiri kidogo, nikasimama barabarani, nikaangalia nyumba za kulia, nikaangalia za kushoto, nikitafuta mlango wa kugonga.

"Kuna kitu umesahau, mama?" dereva akauliza.

Nikamwambia hapana, twende.