Kalekye, dawa ya maji na wazee wa Ikutha

Jamani, hii habari bado inakataa kuingia kichwani. Kalekye wangu, mwalimu mwenzangu wa Mbumbuni, ametutoka huko Ikutha alikoolewa. Nimekaa hapa na simu mkononi, sijui nianzie wapi.

Basi naanza na kicheko, maana nikianza na machozi angenigombeza.

Nyinyi mliomjua kama mama wa tangawizi, mjue hiyo tangawizi nusura imvunjie ndoa kabla haijaanza.

Ilikuwa miaka ya themanini. Tulikuwa wasichana, tunafundisha primary, hata training hatujaenda.

Muthama, kijana wa Ikutha, alikuwa amemchumbia. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka baba yake mkubwa akatuma neno: wakija kuongea mambo ya mahari, hawataki soda. Soda ni ya duka. Wanataka kuonja kitu kilichotengenezwa na mikono ya msichana, la sivyo watarudi na mbuzi wao.

Naye baba yake Kalekye alikuwa mzee wa kanisa, wale wa msimamo mkali. Alisema pombe haitavuka mlango wake hata kama binti atazeekea hapo nyumbani.

Kalekye akasema atatengeneza tangawizi, kile kinywaji cha hamira na ndimu. Baba akakubali, bora tu inywewe mapema kabla haijakaa ikageuka kitu kingine.

Shida ilikuwa maji. Mvua ilikuwa imenyesha, mto unateremsha tope tupu, na kuni zimelowa, huwezi kuchemsha pipa zima. Kwa hivyo alitia shabu kwanza, tope likae chini, halafu dawa ya maji, ule unga wa klorini bwana afya aliogawa wakati wa kipindupindu.

Tukapika ya majaribio, tukaipeleka staffroom Alhamisi. Walimu wakasifu, wakaongeza vikombe.

Ijumaa, wacha tu. Headmaster alitoka parade mbio ameshika tumbo, na watoto wakampigia makofi wakidhani ni michezo.

Kabla ya jioni soko lote la Mbumbuni lilikuwa na habari. Hata mama yake Kalekye akaona afadhali wageni waambiwe wangoje. Lakini kungoja ilikuwa ni kumkosa Muthama, kwa sababu yule baba mkubwa wa Muthama alikuwa na msichana mwingine wa kwao anayempigia debe.

Kalekye alilia kidogo, akajifuta na leso, akaniambia, "Nduku, twende jikoni. Kuna kitu hapa kimekufa."

Tulikagua kila kitu. Hamira, nzima. Shabu, ngumu vile vile. Halafu akafungua mkebe wa dawa ya maji, akanusa, akanipa ninuse. Ile dawa inayokuchoma pua ukifungua tu, ilikuwa inanuka moshi.

Na mnajua ilikuwa inakaa wapi? Darini, juu ya meko! Watu wa kwetu mnanielewa. Kitu cha maana kwetu kinawekwa huko juu na mbegu za mahindi na kunde, moshi ufukuze wadudu. Kalekye mwenyewe ndiye aliyeipandisha, kwa heshima zote, na joto likaipiga msimu mzima.

Alicheka mpaka akakaa chini. Ati ameitunza mpaka akaiua!

Tulimwendea bwana afya. Akatuambia hiyo dawa haitaki joto, haitaki jua, haitaki mkebe unaopitisha hewa, na hata ukiitunza vizuri inazeeka. Shabu ndiyo unaweza kukaa nayo miaka, mradi isilowe. Akampa nyingine mpya.

Hiyo mpya Kalekye aliitia kwa chupa nyeusi yenye kifuniko cha kukaza, akaiweka chini kwenye baridi nyuma ya nyungu ya maji, mbali na ndimu zake, maana hivyo viwili havipatani. Na maji akishayatia dawa, aliyaacha na kitambaa tu juu mpaka asubuhi, harufu iishe, ndio hamira isife nayo.

Sasa nani ataonja? Hakuna mwalimu alitaka hata kuona jagi. Kalekye akaingia staffroom wakati wa break, akajimiminia, akanywa mbele ya wote, akaongeza. Mimi nikaunga, roho mkononi. Kesho yake tulikuwa darasani, wazima kabisa, na headmaster anatuchungulia dirishani kama daktari wa ng'ombe.

Wazee wa Ikutha wakafika. Baba mkubwa akapokea kikombe, akanusa, akaonja kidogo. Nilikuwa nimeshikilia mlango.

Akamaliza, akanyoosha mkono na kikombe. "Ongeza, msichana wangu. Hawa wengine wakitaka soda, waende dukani."

Vigelegele vya wamama wa kanisa siku hiyo! Kuku walitoroka boma. Na baba yake, yule wa msimamo mkali, nilimwona kwa macho yangu akigongagonga mguu chini kama anayecheza.

Kalekye, uliolewa mchana kweupe, umeinua kichwa. Kila arusi ya kanisa kutoka Ikutha mpaka Emali iliitisha tangawizi yako, na kila msichana uliyemfundisha kupika ulianza kwa kumnusisha ile chupa nyeusi. Ulikuwa boss wa quality control kabla sisi hatujalijua hilo neno. Najivunia wewe mpaka kifua kinauma.

Na yule baba mkubwa aliyetaka kukukataa, alipougua ugonjwa wake wa mwisho na kukataa chakula cha kila mtu, hata cha watoto wake, aliendelea kupokea kikombe kutoka mkono mmoja tu. Wako.

Lala sasa, mwalimu. Lala vizuri, ulishinda.