Wavivu wa Mama Chupa

Taasisi ya utafiti ilitamka rasmi, kwa barua yenye mhuri, kwamba kuanzia tarehe mosi chumba cha kukuzia seli za binadamu kitakuwa mikononi mwa wenye shahada tu, kwa ajili ya usalama wa seli zenyewe. Seli hazikuulizwa. Wala Mama Chupa, aliyezilisha miaka kumi na tisa kwa cheti cha kidato cha nne.

Kati ya chupa zake, tatu zilikuwa na seli alizoziita "wavivu". Hazikuweza kukarabati DNA yao vizuri, na zilikua kwa kusuasua. Wengine walisema zitupwe; yeye alizibembeleza. Kila alipobadilisha maji ya lishe alimwaga nusu, nusu kuukuu akaiacha. Zikipewa mapya matupu, hufa.

Siku moja Daktari, bosi wake, alimweleza kwa nini kirusi walichokuwa wakikichunguza kinashindwa kukita mizizi kwa wavivu. Kirusi hukata DNA ya seli, hujichomeka humo, kisha huacha nyufa. Inayoziziba ni seli yenyewe.

"Yaani mwizi anabomoa ukuta," akasema Mama Chupa, "halafu mwenye nyumba anampigia plasta?"

"Tena bure."

"Basi wavivu wangu ndio wenye akili, Dokta. Hawana saruji."

Daktari aliutumia mfano huo mkutanoni. Alipigiwa makofi.

Barua ilipokuja, Mama Chupa alimfuata ofisini. "Dokta, nipe hata ufagio, mradi nibaki mle niwalishe."

"Mama yangu, mikono yangu imefungwa," akajibu Daktari, akikoroga chai.

Aliyekuja kumrithi alikuwa mwanamke mwenye shahada mbili na mwongozo wa kurasa arobaini.

"Mwanangu, hawa wa kona ile umwage nusu tu."

"Mwongozo unasema yote, Mama."

"Mwongozo umewahi kuwalisha lini?"

"Asante, Mama. Mapokezi wanakusubiri."

Akamwaga yote. Kufikia Jumatatu wavivu walikuwa wanaelea, wamekufa. Akiba yao iliyogandishwa ikayeyushwa, ikalishwa kwa ukurasa uleule wa mwongozo, nayo ikawafuata.

Mama Chupa sasa anaandikisha wageni mlangoni. Kule chumbani kabati la joto walimokaa wavivu linasoma nyuzi thelathini na saba barabara, na kila asubuhi mwenye shahada anatia saini kwamba amelikagua. Ndani hamna kitu.