Firigisi ya Budalang'i

Wivu wangu wa kwanza wa kisomi niliupata kwa sababu ya jiwe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi tu, nafundisha historia katika shule moja ya sekondari karibu na Amagoro, na bado natembea kama mtu aliyebeba shahada yake kichwani na anaogopa isianguke. Mwenzangu wa hesabu, Mwayalandi aliyezaliwa Uingereza, alirudi kutoka likizo na picha. Alikuwa amezunguka vijiji vya Ayalandi akimtafuta babu wa babu yake.

Alitusimulia katika chumba cha walimu: mvua isiyokatika, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kondoo waliokataa kumpisha njiani, wazee wa baani ambao kila alipowauliza swali walimuuliza yeye mawili. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akikamua ng'ombe akamwelekeza nyuma ya kanisa lililobomoka. Huko alilikuta kaburi, na jina la ukoo wake limechongwa kwenye jiwe. Pichani alisimama kando ya jiwe hilo amelowa chapachapa, anatabasamu kama mtu aliyerithi shamba.

Walimu wote walisema ni jambo zuri. Mimi nilisema picha ina giza kidogo.

Kilichoniuma ni kwamba historia nilikuwa nafundisha mimi, lakini babu alikuwa naye yeye. "Hata sisi tunao," nikatangaza, bila kuulizwa. "Babu wa baba yangu amezikwa Budalang'i. Nitawaletea picha ya kaburi lake." Mwayalandi alifurahi kwa moyo wote, jambo lililoniudhi zaidi, akaniazima kamera yake.

Ukoo wetu ulihama Budalang'i kabla sijazaliwa, baada ya mto Nzoia kufurika mara moja zaidi ya uvumilivu wa babu. Baba aliniruhusu kwenda kwa sharti moja: niende na mdogo wangu. Sikuona sababu. Mdogo wangu alikuwa akipakia mizigo kwenye malori pale Malaba. Shule aliiacha mapema, bila uadui, na habari za ukoo hazikuwahi kumkosesha usingizi.

"Tunaenda kumtafuta nani?" akaniuliza.

"Babu wa baba."

"Si alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa unamtafutia nini? Alikukosea?"

Hata hivyo ni yeye aliyetupatia usafiri, kwa dereva rafiki yake aliyekuwa akienda kuchukua pamba. Mdogo wangu alikaa mbele na dereva, wakicheka njia nzima. Mimi, na koti langu na kamera ya watu, nilikaa nyuma juu ya magunia matupu. Nilifika Budalang'i nimejaa vumbi kiasi kwamba mtu angeweza kunipiga picha mimi na kusema ndilo kaburi.

Tulimkuta bibi mmoja, shangazi ya baba, binti wa mwisho wa huyo babu niliyemtafuta. Macho yake yalikuwa yamefifia, ulimi haukufifia hata kidogo. Nilitoa hotuba niliyoiandaa tangu Busia: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza majina yetu. Nikamtajia langu.

"Mm," akasema.

Mdogo wangu akataja lake. Bibi akaacha kutafuna.

Kwetu jina la aliyekufa halitolewi ovyo. Mtoto mchanga akilia asinyamaze, huitiwa majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya lingine, mpaka lifikiwe lile litakalomfanya anyonye. Mdogo wangu alilia kama king'ora, akanyamaza kwa jina la babu wa baba. Mimi, naambiwa, nilizaliwa mpole, nikapewa jina la mtakatifu aliyekuwa kwenye kalenda ya kanisa. Sikulia vya kutosha. Na anayelibeba jina hupokewa kama mwenye jina.

Bibi akainuka, akamshika mdogo wangu mashavu kwa mikono yote miwili. "Baba," akasema. "Mbona umekawia hivyo?"

Nilimtazama mdogo wangu nikingoja acheke. Hakucheka.

"Nisamehe, mwanangu," akamjibu taratibu. "Njia ilikuwa ndefu."

Alijifunza wapi kusema hivyo? Mimi nilikesha na vitabu miaka mingi na sikuwahi kukutana na sentensi kama ile.

"Umekonda, baba. Huko hawapiki?"

"Wanapika, mwanangu. Lakini mkono wako uko wapi?"

Bibi alicheka huku akijifuta macho. Kisha akanikumbuka. "Na huyu mwenye koti?"

"Huyu ni ndugu yangu. Ni mwalimu."

"Karibu, mwalimu. Sogea kidogo basi, unamziba baba mwanga."

Kuku akachinjwa. Firigisi kwetu haigawanywi. Hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote waliopo. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye mwenye shahada, safari yenyewe niliibuni mimi. Niliiona ikija kwenye bakuli. Niliiona ikinipita. Nilipewa shingo.

Nikaona niokoe kilichobaki. "Bibi, tunaomba utuonyeshe kaburi la babu. Nimekuja na kamera."

"Kaburi?" Alishangaa kweli. "Maji yalilichukua zamani. Yalibeba udongo, yakabeba na mti tulioupanda juu yake. Utapiga picha mto?" Akamwelekezea kidole mdogo wangu, aliyekuwa anatafuna, shavu limevimba. "Na makaburini unamtafutia nini? Mwenyewe si huyu, anakula? Mpige picha kabla hajameza!"

Nikapiga. Ningefanya nini?

Picha ilisafishwa studio Busia. Niliiweka mezani katika chumba cha walimu nikiwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu mafuriko. Mwayalandi hakuyahitaji. Nilipomweleza aliyoambiwa mdogo wangu, aliitazama picha muda mrefu: bibi amemshika baba yake mkono, baba yake ana firigisi shavuni.

"Mimi nilikuta jiwe tu," akasema. "Hakuna aliyeniambia nimekawia."

Nakiri nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, tulikuwa na wivu wa aina moja. Kisha akaisogeza picha karibu na dirisha, akaikagua pembe zote.

"Na wewe," akauliza, "uko wapi hapa?"