Dada Yangu na Neno Lake la Siri

Kitendawili! Nyumba yangu ina milango thelathini na mmoja, yote imefungwa, na funguo zimening'inia nje.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Hata mimi kilinishinda, na nyumba ni yangu.

Mimi ni bibi wa darasa la saba, na ndimi msimamizi wa tovuti ya kikundi chetu cha wafumaji thelathini na mmoja wa masweta ya shule. Msicheke! Kila mfumaji anaingia kwa simu na neno lake la siri, anaona saizi alizopangiwa. Tovuti aliijenga mkamwana wangu, fundi wa kompyuta.

Fomu ya kwanza ilidai barua pepe. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa barua tunazozijua ni za kuitwa shuleni."

Akaifumua, akatunga yake: jina la utani, namba ya simu, saizi ya sindano, neno la siri.

Siku ya kuwasajili wenzangu nilisahau miwani. Nilibonyeza kitufe cha kijani kama nilivyoelekezwa, basi. Dada yangu mkubwa, mfumaji mwenzetu, alikaa nyuma yangu.

Ule ulikuwa mwaka wa tatu hanisemeshi.

Tulipogawana vitu vya marehemu mama, nilijibebea sindano zake za kufumia kabla dada hajafika. Salamu ikakatika. Tunafuma chumba kimoja, mkasi tunaazimana kupitia mtu wa tatu.

Wiki mbili baada ya usajili akanipigia Umeme. Tunamwita hivyo kwa sababu sweta moja humchukua mwezi.

"Bibi, nimesahau neno langu la siri."

Nikavaa miwani, nikafungua fomu yake nimwekee jipya. La zamani nikalikuta limekaa pale, uchi kabisa.

"Hujasahau. Ni jina la mumeo."

"La wa kwanza au la wa pili?"

Chai ikanipalia. Nikafungua fomu nyingine, na nyingine. Maneno yote wazi! Nikampigia mkamwana.

"Mama, usiguse kitu!"

"Nimeshagusa kwa macho."

Akacheka kile kicheko cha aibu. "Kosa langu. Nilipotunga fomu mpya nilisahau kuyasaga. Neno la siri husagwa kabla ya kuhifadhiwa, Mama. Mtu akiingia, mashine inasaga alichoandika, inalinganisha unga kwa unga."

"Na unga haurudi kuwa mahindi."

"Ndiyo hivyo. Nipe dakika kumi, hata mimi sitayaona tena."

Dakika kumi! Najua haikuwa haki, nakiri. Nikafungua fomu ya dada.

mkinivutanapasuka

Miwani ikaingia ukungu.

Tulikuwa wasichana wawili, kitanda kimoja. Kitendawili hicho tulikitunga wenyewe, hakuna mwingine anayekijua. Mmoja anasema, "Mkinivuta napasuka." Mwenzake anamalizia, "Mkiniachia nawafunika." Jibu: blanketi letu.

Nikazifunga zile sindano kwenye kitambaa, mimi huyo hadi kwake. Hodi ya pili, mlango ukafunguka upana wa kiganja.

"Mkiniachia nawafunika," nikasema, nikamnyooshea furushi. "Dada, nisamehe."

Akalipokea. Akazipapasa sindano moja moja. Kisha akanitazama.

"Wiki mbili! Wiki mbili nzima, mdogo wangu, hujui kusoma?"

"Kumbe ulijua?"

"Siku ya kujisajili si nilikuwa nyuma yako? Maneno ya watu yanang'aa kwenye skrini, wewe unadonoa kitufe cha kijani kama kuku! Jioni ile ile nikabadilisha langu."

"Sasa mbona hukuniambia yako wazi?"

"Nikuambie vipi? Tulikuwa hatuongei!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Kesho yake nikasimama mbele ya wafumaji, nikasema ukweli wote, pamoja na uchunguzi wa macho yangu. Nilitaniwa nikakoma. Kila mmoja akaweka neno jipya. Umeme akauliza kama jina la mchumba linaruhusiwa.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa: siri ya mtu isageni, hata ninyi msiweze kuirudisha. Lakini neno la kukupatanisha na nduguyo usilisage moyoni. Litamke kwa mdomo wako, usingoje kompyuta ikosee.