Meneja Mkuu wa Langley Park

Nina ugonjwa mmoja ambao sijawahi kuupeleka kwa daktari: nikiona watu wazima wanahangaika na jambo nisilolielewa, situlii mpaka nilielewe. Ndivyo besiboli ilivyonipata, na ndivyo nilivyokaribia kumvunjia binti yangu ndoa.

Huyo binti ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuja kwangu Langley Park, Maryland, nje kidogo ya Washington, kutoka Tanga akiwa na miaka tisa, ana begi moja na sandali zisizojua theluji. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeshaachana, kwa hiyo nilijifunza kusuka nywele kwa kuangalia mikono ya jirani, na miezi ya mwanzo mtoto alikwenda shule na mistari ya kichwani iliyopinda kama njia ya mbuzi. Aliniita baba mdogo. Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya elfu mbili, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anasomea uuguzi. Kiswahili alikisikia chote, ila akijibu alichanganya na Kiingereza.

Mimi nilikuwa fundi wa jengo la wazee kule Columbia Heights, mjini Washington: mabomba, vitasa, taa, chochote kilichoharibika. Kutoka nyumbani ni basi moja kisha treni. Sisi tusio na gari tulipima watu kwa mabasi. Ndugu wa basi moja unamtembelea hata kwa mafua tu. Ndugu wa mabasi mawili unakwenda kumwona akilazwa. Zaidi ya hapo mnapigiana simu sikukuu kwa sikukuu, na mnaapa kwamba mwaka huu lazima muonane.

Ghorofa ya tatu ya jengo lile aliishi mwalimu mstaafu wa hesabu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili miaka ya sabini katika darasa la jioni, na hajawahi kukanyaga Afrika. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kila nikiingia alinipa shikamoo, wakati kanizidi miaka ishirini. Nilimweleza kwamba yeye ndiye wa kuamkiwa. Akanijibu kwamba neno hilo alilisomea muhula mzima na haliachi lioze.

Siku moja nilikuwa chini ya sinki lake, redio inapiga kelele, nikamuuliza kitu. Akainua kidole ninyamaze. Habari ilipokwisha aliniambia, "Ndugu yangu, wanajadili kama meneja mkuu atamtoa mchezaji wetu nyota."

Timu ilikuwa mpya mjini. Washington ilikuwa imekaa miaka mingi bila timu ya besiboli, na sasa walipoipata, ilikuwa ikifungwa kila uchao. Nyota wao, mpiga mipira hodari, mkataba wake ulikuwa unaisha vuli ile.

"Meneja mkuu ndiye kocha?" niliuliza.

"Hapana. Kocha hupanga nani acheze leo. Meneja mkuu hukaa na simu, akapanga nani awe wetu kesho."

"Sasa mchezaji bora unamtoaje?"

"Kwa sababu msimu ukiisha atakuwa huru. Akienda zake, sisi tutabaki na nafasi ya kuchagua vijana ambao hata sura zao hatuzijui. Akitolewa sasa kwa timu inayowania ubingwa, watatupa vijana wao walioanza kuiva. Lakini mwisho ni tarehe thelathini na moja Julai, saa kumi jioni. Baada ya hapo mlango unarudishwa, na kupita ni taabu."

Nilitoka chini ya sinki, nikakalia sanduku langu la vifaa. Watu wazima, wenye suti, wanasubiri saa kumi kama wanafungua swaumu! Hapo ugonjwa wangu ukanishika.

Wiki zilizofuata bomba la mzee yule liliharibika mara nyingi kuliko bomba lolote katika jengo. Nilimuuliza kila kitu, naye alinifundisha kama alivyokuwa akifundisha hesabu, hatua kwa hatua. Meneja mkuu hasemi "ninauza", husema "ninasikiliza". Simu haikimbilii, mwenye haraka ndiye anayepunjwa. Akimtaka kijana mmoja wa wenzake huomba watatu, na yule anayemtaka hasa humtaja katikati ya wengine, kama amemkumbuka kwa bahati. Na waandishi wa habari nao ni chombo cha kazi. Anamnong'oneza mmoja kwamba ipo timu nyingine imepiga simu, kisha anakaa kando. Anayetaka akiwa mmoja huna nguvu. Wakiwa wawili, wataminyana wenyewe.

Jumapili moja mchana alinipeleka uwanjani. Mchezo wenyewe ulinishinda, maana kila nilipodhani kuna jambo linatokea, mzee alisema bado. Mimi niliwaangalia wanaume wanne waliokaa nyuma ya mpigaji, wamevaa kofia za majani, saa za kupimia mkononi, madaftari mapajani. Walikuwa wametumwa na timu nyingine kuja kumkagua nyota wetu. Alipoupiga mpira ukapotelea jukwaani, uwanja mzima ulisimama. Wale wanne waliinama wakaandika. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mchezo wowote maishani mwangu.

"Na mchezaji mwenyewe anaulizwa?" nilimuuliza njiani.

"Mara chache. Akiwa amecheza ligi kuu miaka kumi, na mitano ya mwisho katika timu hiyohiyo, hawezi kutolewa bila ridhaa yake. Au kama mkataba wake unasema hivyo. Wengine huzisikia habari zao redioni, kama mimi na wewe."

Nikaona hiyo ni ajabu, na kesho yake nikaisahau.

Posa ikaingia nyumbani mwanzoni mwa Julai. Aliileta mshenga, mzee wa Mombasa anayeendesha teksi Virginia: barua imefungwa katika kitambaa cheupe, na halua juu yake. Kijana ni wa Mombasa vilevile, fundi wa lifti. Nilikuwa nikimfahamu. Mtoto mwenye adabu, anayesimama mkubwa akiingia. Waliomba jibu ndani ya wiki mbili.

Kinachofuata hapo kila mtu wa Tanga anakijua. Baba yake hayupo, walii wake wa ndoa ni mimi. Kazi yangu ni kumuuliza binti mambo mawili: je, anamridhia huyu, na anataka mahari gani, maana mahari ni yake, si yangu. Kisha naandika jibu. Ni kazi ya dakika kumi.

Lakini barua ilisema kijana anaishi Woodbridge, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac. Nilitandaza ramani ya mabasi mezani nikafuata kwa kidole: basi, treni, treni nyingine, basi. Sikukuu kwa sikukuu. Nikaikunja ramani, na badala ya kumuuliza binti, nikawa meneja mkuu.

Niliandika orodha ya mambo saba. Harusi ifanyike kwetu Maryland. Binti amalize masomo kwanza. Wageni wao wasizidi wetu. Mengine hata nayaonea haya. Jambo la tano, katikati, kama nimelikumbuka kwa bahati, lilikuwa kwamba wakae karibu na Langley Park. Mshenga alipopiga simu, niliitazama ikilia. Akapiga mara ya pili, na ya tatu. Nilisikia hata utamu.

Kisha nikaenda dukani kwa mama mmoja Mkenya, pale tunaponunua unga wa sembe na habari. Nilichagua ndizi taratibu, nikasema kama naongea na ndizi kwamba siku hizi nyumbani kwangu wageni hawaishi.

"Wacha! Kwani kuna wengine wanamtaka?" aliuliza.

"Sijasema kitu, mama. Mimi nasikiliza tu."

"Haya basi, hata mimi sijaskia kitu," alisema, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye simu.

Habari ilivuka mto Potomac kabla ndizi zangu hazijaiva. Simu za mshenga zikakoma. Nilijipongeza. Nikaamini wanajikusanya, waje na moyo laini.

Tarehe thelathini na moja nilikuwa kwa mzee saa kumi kasoro robo, na bisibisi mkononi kwa ajili ya heshima tu. Saa ikafika, ikapita. Mtangazaji akasema nyota anabaki, hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia. Mzee alizima redio.

"Kwa nini?" niliuliza. "Si ulisema watampoteza bure?"

"Labda aliomba mno. Labda wote walijua hakuna timu ya pili." Alifikiri kidogo. "Au labda alimpenda tu, ndugu yangu, akaona aibu kusema."

Nilicheka. Nilicheka mpaka kituo cha treni.

Nyumbani nilimkuta binti yangu mezani jikoni, bado amevaa sare ya mafunzo, macho mekundu. Alisema, "Baba mdogo, umewaambia nini hawa watu? Wamejitoa. Mama yake anasema nina posa nyingine. Nani? Who is this person?"

Mtoto wa madrasa kama mimi, nimefundishwa kabla sijaota meno ya utu uzima kwamba haifai kuposa juu ya posa ya mwenzio. Kwenye besiboli timu ya pili ikitajwa, ya kwanza inaongeza. Waungwana wa Mombasa wakisikia yupo mwingine, wanarudi nyuma kwa adabu. Na kile kimya changu, nilichodhani ni akili! Kwetu binti akiulizwa akanyamaza, hiyo ni ndiyo. Wazee wakinyamaza, hiyo ni hapana. Nilikuwa nimewafukuza mara mbili.

Nilimweleza yote, redio, kofia za majani, orodha. Sikuona pa kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, kwa Kiswahili kitupu, jambo alilokuwa halifanyi.

"Unamuuliza dereva wa basi ana watoto wangapi. Unamuuliza fundi wa simu waya unapita wapi. Miaka kumi na minne niko hapa, na kwa jambo hili hukuniuliza hata swali moja."

Nilitamani anitukane. Miaka kumi na minne katika timu moja; hata besiboli ingempa haki ya kuulizwa.

"Unamtaka?" nilimuuliza.

"Ndiyo." Hakunyamaza hata kidogo.

"Na mahari unataka nini?"

Alichukua karatasi, akaandika kwa muda mfupi, akaitia kwenye bahasha na kuigundisha. "Usifungue. Peleka, wasome wao."

Kwetu upande wa mke hauendi kubisha hodi. Jumamosi asubuhi nilikwenda kubisha. Mshenga mwenyewe alikuwa akiishi mtaa mmoja na kijana, kwa hiyo nilipanda yote manne, basi, treni, treni, basi, na bahasha mfukoni imefungwa katika kitambaa chao cheupe. Niliona aibu kila kituo.

Mzee wa Mombasa alinikaribisha kwa kahawa, uso umekauka. "Twaliambiwa pana mwengine," alisema. "Basi tukaona si uungwana kuwaingilia."

"Hakuna mwingine," nilisema. "Hakujawahi kuwa na mwingine. Nilidanganya, na simu zako nilizisikia zote."

"Kwa nini, mzee mwenzangu? Kijana ana ila?"

"Hana ila. Ninyi mko mbali."

Alinitazama sana. Sikuwa nimewahi kulisema neno hilo kwa sauti, na lilipotoka lilikuwa dogo, hata nikashangaa lilivyonisumbua mwezi mzima. Mzee akajikuna ndevu, uso ukaanza kulainika.

"Haya," alisema. "Bibi arusi yuwataka mahari gani?"

Nilimpa bahasha. Alivaa miwani, akaichana pembeni, akaisogeza karatasi dirishani. Orodha yangu ya mambo saba ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati, nami nilijiandaa kusikia chochote: dhahabu, samani, au kwamba baba mdogo asikanyage harusini.

"Msahafu mmoja," alisoma. "Na nyumba yetu iwe basi moja tu kutoka kwa baba mdogo."

Akageuza karatasi, nyuma hapakuwa na kitu.

"Basi moja?" aliniuliza. "Hii maana yake nini?"

Nilijaribu kumweleza, nikashindwa. Nikajifuta macho kwa kitambaa chao.