Kadi ya Mdogo

Kinyozi alikuwa na mapacha wa miaka saba. Mmoja aliitwa Mkubwa, kwa kuwa alitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi, na dakika hizo hajaacha kuzitangaza mpaka leo. Mwenzake ni Mdogo, na ndiye mwenye pumu. Kifua kilipombana mara ya mwisho, Kinyozi aliuza kioo chake kikubwa ili alipe hospitali. Tangu hapo wateja wake hujitazama kwenye mfuniko wa sufuria, na kuondoka wakidhani wamenenepa.

Ndiyo maana tangazo la kuandikisha watoto bima ya afya bila malipo lilipotoka, mwisho Ijumaa saa kumi jioni, mkewe alimkabidhi bahasha yenye vyeti vya kuzaliwa.

"Baba watoto, usipige domo njiani. Ukirudi bila kadi ya Mdogo, utalala kwenye kiti chako cha kunyolea."

Kwa kawaida Kinyozi alimchonga Mdogo mstari juu ya sikio, ili watu wasiwachanganye. Ila asubuhi ile ya Ijumaa aliona picha ya serikali haitaki mbwembwe. Akawanyoa wote kipara, wakang'aa kama vijiko.

Zamu yao katika ofisi ya bima ilifika saa kumi kasorobo. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshukia puani, alimpiga mmoja picha kwa kamera ya kompyuta, akainama kuokota cheti kilichoanguka. Alipoinuka, watoto walikuwa wanakimbizana kuzunguka meza.

"Simameni! Niliyempiga picha ni nani?"

"Mimi!" wakajibu wote.

"Mdogo ni nani?"

"Mimi!" wakajibu tena wote, kwani Mkubwa alishajua kuwa siku hiyo Mdogo ndiye bosi.

Karani akavua miwani. "Baba, nikibandika sura ya mmoja kwenye jina la mwenzake, siku akibanwa kifua watamtibu nani? Mwenye pumu ni yupi?"

Kinyozi aliangalia kipara hiki, akaangalia kile.

"Mpigie simu mama yao."

"Mama yangu, nikimpigia huyo, mimi sina pa kulala."

"Basi nafunga. Zimebaki dakika tano."

Kinyozi akajifuta jasho. Mkono ukagusa mashine yake ya kunyolea mfukoni, ile ya betri asiyoiacha nyumbani. Akakumbuka kitu. Akawageuza watoto waangalie kamera, akasimama nyuma yao, akaiwasha. Ngrrr!

Mkubwa hakutikisika. Mdogo akapandisha mabega hadi masikioni, kama alivyofanya kila aliponyolewa tangu ana meno mawili.

"Huyo!" Kinyozi akapiga kelele. "Huyo ndiye wangu wa kifua!"

"Asiondoke hapo!" Karani akampiga picha papo hapo, kisha akampiga Mkubwa upya.

Nyumbani, mama watoto aliisoma kadi mara mbili, jina kwanza, halafu picha.

"Na shingo ya mwanangu iko wapi?"

"Shukuru kichwa kimepatikana, mama watoto."

Alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Kadi akaitia kwenye bahasha, bahasha chini ya godoro. Kisha akamkabidhi mumewe kalamu ya wino, na Kinyozi, fundi wa miaka kumi na tano, akapiga magoti kumchorea mwanawe mstari juu ya sikio, mpaka nywele zitakapoota.