Nyuzi za Sufu Juu ya Bawa

Miaka ya hamsini mimi na kaka yangu tulikuwa maseremala pale kiwanja cha ndege Mbeya. Mhandisi mmoja Mzungu alitutengenezesha bawa la mbao, mfano wa bawa la ndege, tukalipiga msasa mpaka likateleza kama kigae. Tukalibandika nyuzi fupi za sufu, tukalifunga juu ya lori. Lori likikimbia, nyuzi zilionyesha mwendo wa upepo. Zikilala, upepo umelishika bawa. Zikitetemeka, umevurugika. Zikigeukia mbele, umeachana na bawa, na ndege yenyewe ingeanguka.

Kaka ndiye aliyeziangalia. Alifungwa kamba nyuma ya chumba cha dereva, uso karibu na bawa, apaze sauti kila zinapobadilika. Aliomba miwani ya vumbi. Mhandisi, aliyeendesha lori mwenyewe, alimjibu kwamba miwani ingempunguzia kuona.

Asubuhi moja aliongeza kasi kuliko siku zote. Nikiwa ndani kando ya mhandisi, nikamsikia kaka akisema zinatetemeka, kisha zinageuka, kisha mbao ikapasuka. Lori liliposimama, damu ilikuwa imemjaa shavuni. Kibanzi kilikuwa kimezama jichoni.

Mhandisi alilikagua bawa kwanza. Halafu akamwinua kaka kidevu.

"Zilianza kugeuka wapi?"

"Bwana, jicho langu."

"Nimekuuliza nyuzi."

Kaka akapapasa bawa kwa vidole, akagusa mahali karibu na ukingo wa nyuma. Mhandisi akapachora kwa chaki. Ndipo akaniruhusu nifungue kamba.

Hospitalini jicho lilitolewa. Mama alikuja kutoka Rujewa kumchukua. Mhandisi alipita, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba mwanawe asingekuwa mzembe angefumba macho mapema. Mama alijua Kisangu tu, si Kiswahili. Akaniuliza mzee huyu amesema nini.

Nikamwambia, "Anatupa pole, mama."

Mama akapiga magoti sakafuni, akamshukuru kwa mikono miwili. Kaka, aliyeelewa kila neno, alitazama ukutani.

Jumatatu niliambiwa nipande mimi nyuma ya lori. Nilikataa, nikafukuzwa siku hiyohiyo, nikaenda Iringa kuchonga milango mtaa wa Mlandege. Kaka alijaribu randa huko Rujewa, akakata kidole, akaacha. Mpaka anafariki, mama alimwombea dua yule mhandisi mwema, na hakuna kati yetu aliyemzuia.